Kuchagua gesti ya kulala ukisafiri pwani ya Tanzania, hatua kwa hatua

Mtu wa Njombe, Mbeya au Arusha anaposhuka pwani kwa mara ya kwanza huchagua chumba kwa macho ya kwao. Anatazama vigae, anatazama ukubwa wa runinga, anauliza kama kuna maji ya moto. Pwani usingizi unaamuliwa na mambo mengine kabisa. Mwezi wa Januari na Februari, Dar es Salaam joto la usiku hukaa karibu na nyuzi 25, na unyevu wa hewa hauondoki hata alfajiri. Ukikosa hewa inayotembea, chandarua kizima, maji ya kuoga na ukimya, utakesha hata kama chumba kimepambwa vipi.

Mwongozo huu ni wa msafiri wa kawaida anayelala gesti, loji au hoteli ndogo, kuanzia Tanga hadi Mtwara, pamoja na Unguja, Pemba na Mafia. Ukisahau yote mengine, shika hili: usilipie chumba ambacho hujakiona.

Hatua ya 1: Jua unasafiri msimu gani

Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na ndiyo miezi ya joto kali. Masika hufuata, kuelekea Mei. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huchukua Juni hadi Septemba, na usiku hupoa kiasi kwamba mwenyeji wa Tanga anatafuta shuka la pili. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba.

Hii inagusa mfuko wako moja kwa moja. Wakati wa kusi sioni sababu ya kulipia AC. Chumba chenye dirisha zuri na feni kinatosha, na hela inayobaki unanunulia samaki. Wakati wa kaskazi, kama huna uhakika na upepo wa chumba, lipia AC bila kujilaumu. Wakati wa masika uliza habari za paa na barabara kabla ya kuuliza bei. Baadhi ya hoteli za ufukweni Unguja hufunga Aprili na Mei, na zinazobaki wazi hushusha bei, kwa hiyo asiyeogopa mvua anaweza kulala pazuri kwa bei ya kawaida.

Angalia pia kalenda. Februari, tamasha la Sauti za Busara hujaza vyumba vya Mji Mkongwe. Sikukuu za Idd, Pasaka, Krismasi na mwaka mpya nazo zinahitaji kuweka chumba mapema. Mwezi wa Ramadhani, Unguja na Pemba, migahawa mingi haifunguliwi mchana. Ukifunga, uliza kama nyumba inaandaa futari na daku. Ukiwa na watoto au mgonjwa, uliza watakula wapi mchana.

Hatua ya 2: Chagua mtaa kabla ya kuchagua nyumba

Anza na safari ya kesho. Kama basi lako linaondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, saa kumi na mbili asubuhi, ukilala Kariakoo utalazimika kuamka usiku mkubwa na kulipia bajaji au teksi ya mbali. Lala Mbezi. Kama unavuka kwenda Unguja kwa boti ya asubuhi, hapo Kariakoo au Upanga ndipo penye akili, maana bandari iko karibu. Anayekwenda Kilwa, Lindi au Mtwara aulize wakati wa kukata tiketi basi linapakilia wapi, kwa sababu mabasi mengi ya kusini hupakia upande wa Mbagala. Wa Mafia ajue kwamba boti za kwenda Kilindoni, bandari ya kisiwa hicho, hutokea Nyamisati, wilayani Kibiti, na saa ya kuondoka hufuata maji ya bahari. Apige simu siku moja kabla, ndipo aamue kama analala Dar au anatangulia Kibiti.

Baada ya hapo, kelele. Baa ndiyo adui wa kwanza, hasa Ijumaa na Jumamosi. Gesti nyingi zimejengwa nyuma ya baa au juu yake, na muziki hauzimwi mpaka mteja wa mwisho aondoke. Ukumbi wa harusi ni hivyohivyo, halafu kuna karakana ya kuchomelea mageti inayoanza kazi saa moja asubuhi. Muulize dereva wa bodaboda aliyekuleta: "Bro, usiku hapa pakoje?" Yeye anajua kuliko mhudumu wa mapokezi, na hana sababu ya kukuficha. Katika Mji Mkongwe, Tanga mjini au Kilwa Masoko misikiti iko karibu na nyumba za kulala, na adhana ya alfajiri utaisikia. Mwenye usingizi mwepesi aombe chumba kinachotazama uani badala ya barabarani.

Mji Mkongwe una hesabu yake. Nyumba za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, dari za juu, na vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba jua haliwafikii walio chini. Vyumba vya chini ni baridi mchana lakini vina unyevu na hewa imesimama. Unaweza kukuta ukungu nyuma ya kabati. Vya juu kabisa vina upepo, ila paa linarudisha joto la mchana. Mimi huomba ghorofa ya kati, upande wenye dirisha linalofunguka kikamilifu.

Ufukweni nako, uliza maji. Pwani ya mashariki ya Unguja, yaani Matemwe, Bwejuu, Paje na Jambiani, bahari ikipwa hurudi mbali sana, hasa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na saa kadhaa huwezi kuogelea mbele ya hoteli. Ni pazuri kwa kutembea mchangani na kuwaona akina mama wanaolima mwani kazini. Kama lengo lako ni kuogelea muda wowote, Nungwi au Kendwa patakufaa zaidi.

Hatua ya 3: Piga simu, uulize maswali yenye majibu

Picha za mtandaoni huwa za siku nyumba ilipofunguliwa. Simu ya dakika tano inakupa zaidi, mradi usiulize "chumba ni kizuri?", kwa sababu hakuna atakayekujibu hapana. Uliza hivi:

- Chumba ni self au choo ni cha kushea?
- Kina feni au AC, na bei zake zinatofautiana?
- Umeme ukikatika, jenereta inawashwa? Inazimwa saa ngapi? Inaendesha feni na AC, au taa tu?
- Maji ni ya bomba au ya kisima? Yana chumvi?
- Bei ni pamoja na chai?
- Natakiwa kutoka saa ngapi? (Nyumba nyingi husema saa nne asubuhi.)

Swali la jenereta usiliruke. Unguja inapata umeme kutoka bara kwa waya unaopita chini ya bahari. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 kikakaa tena kama miezi mitatu. Tangu wakati huo wenye hoteli wengi wana majenereta, lakini nyingine ni ndogo na haziwezi kubeba AC.

Ukikubaliana, tuma ujumbe wenye tarehe, aina ya chumba na bei, uombe wajibu kwa maandishi. Ukitakiwa kutanguliza hela kwa simu, tuma sehemu tu, na kabla ya kuingiza namba ya siri soma jina linalotokea. Kama si jina la nyumba wala la mtu uliyetajiwa, acha, piga kwanza uulize.

Hatua ya 4: Kikague chumba kabla ya kutoa hela

Fika kabla ya magharibi ikiwezekana. Mchana unaona nyufa, unaona mtaa, na ukikataa chumba bado una muda wa kutafuta kingine.

Omba kwa heshima, watu wa pwani hawapendi kukurupushwa. "Habari za saa hizi, dada? Naomba nikione chumba kwanza." Kama ni mama mtu mzima, anza na shikamoo. Kwa kawaida atachukua funguo na kusema, "Karibu kaka, twende." Nyumba inayokataa kuonyesha chumba mpaka ulipe, iache.

Ukiingia, simama kwanza mlangoni uvute hewa. Harufu ya ukungu haitoki kwa dawa ya kunyunyiza. Kisha weka kiganja ukutani, upande wa kitanda. Ukuta unaotazama magharibi umepigwa na jua alasiri yote, na ukiuona una joto saa kumi na mbili jioni, ujue utaendelea kulitoa hadi usiku wa manane. Omba chumba cha upande wa pili. Mara nyingi kipo, bei ileile. Tazama juu: bati bila dari ni joto mchana na ngoma usiku wa mvua, na madoa ya kahawia darini yanakuonyesha panapovuja.

Dirisha lifunguliwe mbele yako. Chumba chenye madirisha pande mbili ni bahati, kichukue. Dirisha linalofungukia koridoni halileti hewa. Pitisha mkono kwenye wavu wa mbu uone kama umechanika pembeni, sehemu ambayo pazia huificha.

Washa feni, zungusha spidi zote. Nyingine zina spidi moja tu, na utachagua kati ya dhoruba na joto. Sikiliza kama inalia, angalia kama inayumba. Feni ya darini ikiwa juu ya chandarua chenye kitambaa kizito, upepo haukufikii vizuri. Feni ya kusimama inayopuliza kutoka ubavuni ni bora, na ukiiomba mapokezi unaweza kuipata. Kama ni AC, iwashe mwanzoni kabisa, uendelee na ukaguzi mwingine. Baada ya dakika kumi hewa iwe ya baridi hasa. Ikipuliza tu hewa ya kawaida, huenda gesi imeisha, na ahadi ya "fundi anakuja kesho" haikusaidii leo.

Sasa kitanda, na hapa usione haya. Kunguni wapo kwenye gesti za bei ndogo na hoteli za bei kubwa pia, kwa sababu huletwa na mizigo ya wageni. Inua shuka kwenye pembe ya upande wa kichwa, kunja godoro kidogo, washa tochi ya simu, ufuate mshono wa godoro taratibu. Unatafuta vidoa vyeusi vilivyojipanga kwenye mshono, magamba makavu ya rangi ya kahawia, au mdudu mwenyewe, bapa, asiyezidi punje ya mchele kwa urefu. Kisha angalia viungo vya mbao za kitanda, matundu ya misumari, na nyuma ya ubao wa kichwani. Ukiwaona, usikubali chumba cha jirani, kwa maana wanapenya kwenye nyufa za ukuta. Hama nyumba. Na hata ukiridhika, begi lisikae kitandani. Liweke mezani, au kwenye vigae mbali na kitanda. Ukirudi nyumbani na wasiwasi, nguo zote zifuliwe kwa maji ya moto, na mishono ipigwe pasi.

Ukiwa hapohapo, bonyeza godoro. Nyumba nyingi haziondoi nailoni lililokuja nalo kutoka dukani, ili lisichafuke. Utalisikia likichakacha chini ya shuka. Kwa joto la pwani nailoni hilo litakuamsha umelowa jasho saa nane usiku. Waombe waliondoe, au watandike blanketi juu yake kabla ya shuka.

Chandarua kikunjue chote. Kitazame dhidi ya mwanga, kishushe uone kama kinafika chini ya godoro pande zote, hasa miguuni. Tundu la kupitisha kidole linatosha kumpitisha mbu, kwa hiyo mimi hutembea na sindano na uzi. Kazi ya dakika mbili. Halafu tazama ukuta ulio karibu na mto. Vidoa vya damu iliyokauka ni mbu waliouawa na wageni waliokutangulia. Kimoja viwili si kitu, ukuta uliotapakaa ni onyo.

Mbu wa malaria huuma usiku. Wa dengi huuma mchana, na Dar es Salaam imepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Kwa hiyo angalia pia bafuni na barazani: ndoo isiyofunikwa, chungu cha maua chenye maji, tairi kuukuu uani. Zanzibar malaria imepungua sana, lakini chandarua usikiache.

Bafuni fungua bomba na bomba la mvua kwa pamoja, vuta na maji ya chooni, uone presha inavyobaki. Sugua sabuni mkononi. Isipotoa povu, maji ni ya kisima chenye chumvi, jambo la kawaida karibu na bahari. Kuoga unaoga, lakini ya kunywa na kusukutulia nunua. Pawepo ndoo kubwa yenye mfuniko na kopo, kwa ajili ya siku maji yanapokatika. Tundu la maji machafu lisilo na kifuniko ndilo mlango wa mende.

Mwisho wa ukaguzi ni usalama. Funga kitasa kwa ndani na kwa nje, jaribu komeo. Chomeka chaja uone kama soketi inashika. Nondo za dirishani ni nzuri dhidi ya wezi, ila ujue njia ya pili ya kutoka kama moto utawaka koridoni. Na kama jenereta iko chini ya dirisha lako, kikatae chumba. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Hatua ya 5: Bei, kitabu na risiti

Baada ya kuridhika ndipo uzungumze bei. Ukikaa zaidi ya usiku mmoja, omba upunguziwe. "Nipo siku tatu, nifanyie vizuri" ni maneno yanayosikilizwa. Hakikisha bei ni ya chumba, si ya kichwa, na ni ya shilingi. Kama umelipa bei ya feni kwenye chumba chenye AC, rimoti hutapewa, hiyo ni kawaida.

Utaletewa kitabu cha wageni: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, namba ya kitambulisho. Kijaze kwa ukweli. Beba kitambulisho cha NIDA, leseni au pasipoti. Nyumba isiyo na kibao nje wala kitabu ndani ndiyo tunayoiita gesti bubu. Bei yake inavutia, lakini likitokea la kutokea hakuna maandishi kwamba ulilala pale, na mwenye nyumba hatajulikana. Usilale huko. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, hasa kama unasafiri kikazi.

Mwanamume na mwanamke wanaosafiri pamoja, hasa Pemba na kwenye nyumba za familia, wanaweza kuulizwa uhusiano wao. Jibuni kwa utulivu. Kama hamjaoana, ulizeni kwa simu mapema, msije mkaaibishana mapokezini.

Mwanamke anayesafiri peke yake aombe chumba cha ghorofa ya kwanza, karibu na mapokezi, asikubali cha chini mwisho wa koridoni. Namba ya chumba ikitajwa kwa sauti mbele ya watu, ana haki ya kuomba kingine. Mama mjamzito na watoto wa chini ya miaka mitano ndio wanaoumizwa zaidi na malaria. Kwao chandarua kinatangulia AC, na ni vyema kusafiri na cha kwako chenye dawa.

Hatua ya 6: Andaa chumba kabla ya giza

Ukishalipa, jaza ndoo ya maji papo hapo, hata kama bomba linatoa vizuri. Kabla ya magharibi funga madirisha yasiyo na wavu na uchomeke chandarua chini ya godoro, ukihakikisha hakuna mbu aliyebaki ndani. Kama unapuliza dawa, puliza ukiwa unatoka kwenda kula, ufunge mlango, urudi baada ya nusu saa na zaidi. AC iweke nyuzi 25 au 26. Anayeshusha hadi 16 huamka koo limekauka. Oga mwisho kabisa kabla ya kulala, ujifute kidogo tu, feni itafanya kazi iliyobaki. Tochi iwe karibu na mto.

Kikitokea kitu usiku, feni ikazima au ukaona kunguni, nenda mapokezi saa hiyohiyo na upige picha. Malalamiko ya asubuhi baada ya kulala chumbani yana nguvu ndogo. Na ukipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi nyumbani, nenda ukapime malaria, umwambie daktari ulikuwa pwani, hata kama unakoishi hakuna mbu.

Wa basi la alfajiri amalize hesabu zote jioni. Mlinzi huwa amefunga geti na mhudumu amelala, na funguo ziko kwa mmoja wao. Kabla hujaingia kulala uliza nani atafungua saa kumi alfajiri, uchukue namba yake ya simu, na uijaribu pale pale kama inaita.